KUHAMISHA NYUMBA YA SAMAKI



Tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa pili akwariamu ya biolojia ilisimama tupu kwenye kona, na maneno mengi yalisemwa. Wengine walisema samaki waliibwa. Wengine walisema wana-internati waliwapika usiku na pilipili. Hata kuna mmoja wa kalasi ya saba aliyesema samaki walirudi mtoni peke yao. Leo tunataka kueleza mambo yalivyokuwa, kwa sababu kalasi za chini wataachiwa ile akwariamu sisi tukiisha kufanya egzameni ya serikali, na siku moja wao nao wataihamisha. Basi wajue kwanza: wale samaki hawakuibwa wala hawakuliwa. Waliuawa, na sisi tunaoandika habari hii, kapita wa kalasi ya mwisho, ndio tuliotoa amri.

Akwariamu, kwa wale ambao hawajaikaribia, ni sanduku la vioo vitano vilivyounganishwa na silikoni. Yetu ina urefu wa sentimita 100, upana wa 40, na maji yanapanda mpaka sentimita 40. Fanya hesabu: ni litri 160. Litri moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 160, bila kuhesabu mawe, changarawe na vioo. Ndani mlikuwa na tilapia sita, samaki wawili wa pua ndefu waliotoka kwa wavuvi Wagenia, na ngolo mmoja, bado mdogo, asiyeweza kumeza wenzake.

Mwezi wa kumi mvua ilianza kupita katika dari ya kalasi ya zamani. Bwana Prefe akasema vyombo vyote vya biolojia viende katika jengo jipya. Ni safari ya metre 60 tu, hata hupati jasho. Wageni walikuwa wanatazamiwa wiki ile, na sisi tukataka waone kitu cha kupendeza. Tukapanga watu: hawa wamwage maji yote, hawa wasugue mawe na sabuni ya unga, hawa waoshe changarawe mpaka maji yatoke meupe, hawa wafue ile sponji ya pompe iliyokuwa na matope ya rangi ya kahawa. Samaki tukawatia katika beseni. Halafu tukajaza akwariamu na maji ya robine, mapya kabisa.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kalasi ya nane, baba yake ni mvuvi wa Wagenia. Alisimama na jiwe mkononi, hataki kulisugua. Akatuambia: "Yaya, ile mayi ya zamani tusimwange yote. Na hii mawe tuiache vile iko. Samaki anajua mayi yake." Tukamjibu asugue na anyamaze. Akasema mara ya pili. Tukaandika jina lake katika orodha ya wenye kelele, na siku ya posho akakata majani nyuma ya jengo mpaka saa sita.

Akwariamu ilikuwa nzuri sana siku ile. Maji yaling'aa mpaka ukaona ukuta upande wa pili. Wageni walisifu. Usiku ule samaki walipanda juu wakaanza kuvuta hewa kwa mdomo. Siku ya pili samaki mmoja wa pua ndefu alilala ubavu chini ya jiwe safi, na jioni mwenzake. Siku ya nne tilapia watatu. Siku ya sita alibaki ngolo peke yake, anatembea kama mwenye lopango. Tukasema: "Kama ngolo anaishi, maji ni mazuri. Wale wengine walikuwa na ugonjwa." Hapo tulikosea mara ya pili, na tutaeleza kwa nini.

Mwalimu wetu wa biolojia hakupiga kelele. Alisoma katika Université ya Kisangani, ile iliyoanza mwaka 1963 hapa mjini kwa mkono wa makanisa ya Kiprotestanti na jina la Université Libre du Congo, na pale alijifunza samaki. Alitukalisha kitako akauliza: "Mlihamisha nini?" Tukajibu: samaki, mawe, pompe, vioo. Akasema: "Kuna watu wengine waliokaa mle ndani, ni wengi kuliko samaki, na hamkuwahamisha. Mliwaua siku ya kwanza, saa nne asubuhi."

Jambo lenyewe ni hili. Samaki hutoa uchafu wa mwili wake hasa kwa njia ya matamvua, na ule uchafu ni amonia. Mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia vilevile. Amonia ni sumu. Katika mto mkubwa kama wetu si neno, maji yanakwenda, yanaichukua. Lakini ndani ya litri 160 itakwenda wapi? Inabaki pale, samaki anavuta uchafu wake mwenyewe mpaka matamvua yaungue.

Lakini katika akwariamu iliyokaa muda mrefu samaki hawafi. Kwa nini? Kwa sababu juu ya mawe, kati ya changarawe, na zaidi ndani ya sponji ya pompe, kuna bakteria wa namna mbili wanaofanya kazi usiku na mchana. Wa kwanza wanakula amonia na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu, inaharibu damu isiweze kubeba oksijeni, na damu inageuka rangi ya kahawa. Hapo wanakuja wa pili, wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina ukali ule, majani ya majini yanaitumia kama mbolea, na ile inayobaki unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kila wiki. Hawa bakteria hukuona, ila ukipitisha kidole juu ya jiwe la zamani unasikia utelezi. Sisi tuliuita uchafu. Ule ndio kijiji chao.

Hawa watu hawaongezeki upesi. Akwariamu mpya, iliyoanza bila kitu, kwa kawaida inataka wiki nne mpaka sita kabla kijiji chao hakijatosha kulisha samaki wengi. Na adui zao ni wachache lakini wa hakika: sabuni, maji ya moto, ukavu, kukosa hewa, na klorini. Maji ya robine yanatiwa klorini ili kuua vijidudu vya magonjwa. Ni jambo zuri kwa tumbo la mtu. Lakini klorini haichagui, inaua hata wale wafanyakazi wetu, na inachoma matamvua ya samaki. Kwa hiyo siku ile, kwa mkono mmoja tuliua kijiji na sabuni, na kwa mkono wa pili tukamimina klorini juu ya makaburi.

Sasa, ngolo. Ngolo ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupanda juu, kumeza hewa ya kawaida na kuitumia. Ndiyo maana mama wa sokoni anamweka katika beseni na maji kidogo tu na jioni bado anarukaruka. Tena ngolo anavumilia amonia kupita samaki wengi. Kumtazama ngolo ili kujua kama maji ni mazuri ni sawa na kumwuliza mtu aliyefunika pua kama choo kinanuka.

Na samaki wa pua ndefu ni kinyume chake. Yeye anatoa umeme mdogo sana, hauwezi kukushtua, na kwa ule umeme anatambua njia na chakula chake katika maji ya giza. Kwa kazi hiyo ana ubongo mkubwa kuliko mwili wake unavyoonyesha. Mwaka 1996 mtaalam Göran Nilsson alionyesha kwamba katika samaki wa jamii hii ubongo unakula karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Kwa mtu ni karibu 20. Basi ukimnyima hewa, huyu ndiye anayekufa kwanza. Tena wetu walitoka pale Wagenia, kwenye maporomoko ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma yanayoanza kule Ubundu. Mmeyaona maji ya pale: yanapiga mawe, yanageuka povu, yanajaa hewa. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa kati ya mawe na kufunga vikapu vyao mbele ya nguvu ya maji. Samaki aliyezoea hewa ya namna ile, sisi tulimtia katika beseni lililofunikwa na kitambaa.

Ile joto yetu nayo inaongeza shida. Maji ya digrii 25 yanaweza kushika miligramu 8 na kidogo za oksijeni katika litri moja. Yakifika digrii 30 ni 7 na nusu tu. Unaweza kusema tofauti ni ndogo, lakini samaki katika maji ya moto anahitaji hewa zaidi, si pungufu.

Tulimwomba yule mtoto wa kalasi ya nane msamaha mbele ya kalasi yake. Ilikuwa vigumu kuliko tulivyofikiri. Alicheka, akasema majani nyuma ya jengo yamekwisha kuota tena.

Tukifikiri habari imekwisha, mwezi wa pili mzee mmoja wa kanisa, anayekaa ng'ambo ya mto, Lubunga, alimwambia Bwana Prefe kwamba anahamia Kinshasa kwa mtoto wake. Ana akwariamu, ameitunza miaka 11, hawezi kuipandisha katika ndege. Anataka kuwapa wanafunzi. Bwana Prefe akatuita. Tuliogopa, tunasema kweli. Metre 60 zilituulia samaki wanane. Sasa ni kutoka Lubunga, kuvuka mto kwa mtumbwi, na kupanda mpaka hapa.

Mzee alitupokea vizuri. Tulipoanza kutoa maneno ya shukrani alitukata: "Batoto bangu, musiniambie aksanti juu ya vioo. Kioo iko kitu ya kununua. Miye ninabapa mawe."

Alitufundisha kwamba hata watu wa akwariamu za bahari wanafuata sheria hiyo, na kwao ni kali zaidi. Sisi wa Boyoma tuko mbali na bahari, lakini wenzetu wa Mombasa na Zanzibar wana miamba ya matumbawe karibu na pwani, na samaki wa rangi wa pwani ya Kenya wanasafirishwa wazima mpaka Ulaya kwa watu wanaotengeneza kipande cha bahari ndani ya nyumba. Tumbawe linaonekana kama jiwe lakini ni mnyama, maelfu ya wanyama wadogo wanaojenga nyumba moja ya chokaa. Maji yao yanataka chumvi karibu gramu 35 katika litri moja, bila kupanda wala kushuka. Zamani watu walishindwa kabisa kuwatunza. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta katika Indonesia, aliandika katika gazeti moja la Marekani kwamba yeye anatia ndani mawe yaliyotoka baharini pamoja na viumbe vyote vilivyoshikamana nayo, anapuliza hewa kidogo, basi, na matumbawe yanaishi. Mawe yale ndiyo yalisafisha maji. Mtu wa bahari akihama nyumba anabeba mawe yake yakiwa yamelowa, kwa sababu yakikauka vile viumbe vinakufa, vinaoza ndani ya mashimo, na amonia inapanda kwa siku chache mpaka kila kitu kinaangamia. Maji ya chumvi anayatayarisha kabla ya siku ya kuhama, hayachanganyi mbele ya mnyama anayengoja. Sisi na tilapia zetu tuko katika shule ya msingi, wao wako université.

Sasa tueleze tulivyofanya.

Wiki nzima kabla ya siku tulitayarisha mahali. Meza ya mbao ngumu, mbali na dirisha lenye jua, miguu imewekwa sawa. Tulipima usawa kwa sahani ya maji, maana kilo 160 zikiegemea upande mmoja kioo kinaweza kupasuka. Chini ya vioo tukatandika blanketi ya zamani. Siku tatu mbele tulichota maji ya robine, tukayaacha wazi katika mabeseni ili klorini iondoke, na kila tukipita tulikoroga. Mmoja wetu alisema tukinge mvua inayotoka kwenye paa jipya, ni bure na haina klorini. Mwalimu akakataa. Mabati mapya yamepakwa zinki, mvua inaiosha, na zinki katika maji laini ni sumu ya samaki. Hilo hakuna aliyelijua kati yetu, na kama si yeye tungeua mara ya tatu.

Mzee hakuwalisha samaki siku mbili. Msimwonee huruma samaki kwa hilo: anaweza kukaa na njaa bila shida, na tumbo tupu halichafui maji ya safari. Hata wafanyabiashara wanafanya hivyo. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mto wetu kutoka Léopoldville miaka ya 1950, na tangu 1971 samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Burundi, kazi yake yote ilikuwa kumfikisha kiumbe mzima ng'ambo ya dunia ndani ya sashe. Wenye kazi hii hujaza sashe kwa oksijeni safi kuliko maji. Katika safari ndefu namna hiyo kuna ajabu moja. Pumzi ya samaki inafanya maji yawe na asidi, na katika asidi amonia inapoa ukali. Ukifungua sashe, ile gesi inatoka, asidi inapungua, amonia inaamka. Kwa hiyo aliyesafiri siku mbili haachwi kukaa katika sashe iliyofunguliwa, anatolewa upesi. Sisi safari yetu ilikuwa chini ya saa mbili, hiyo hatari haikutuhusu sana.

Tulifika Lubunga saa kumi na moja asubuhi, giza bado, kwa sababu ya baridi. Kwanza kabisa yule mtoto wa kalasi ya nane, ambaye safari hii alikuwa mkubwa wa kazi na sisi wasaidizi wake, alikaa mbele ya kioo na saa ya mkono akahesabu tilapia anafungua matamvua mara ngapi katika dakika moja. Akaandika. Hatuna dawa za kupima amonia, hiyo hesabu ndiyo maabara yetu.

Kazi ina utaratibu, na ukiugeuza unaharibu. Tulichota kwanza maji ya juu, yaliyo safi, kabla mkono haujagusa chini: bido nne za litri 20, nusu ya maji yote. Halafu majani, yakafungwa katika gazeti lililoloweshwa. Halafu mawe, moja moja, katika ndoo yenye maji yale yale, bila kuyasugua, bila hata kuyasuuza. Sponji nayo ndani ya ndoo, lakini ndoo haikufungwa kabisa, maana wale bakteria wanataka hewa kama sisi. Ukiwafungia ndani ya kopo saa nyingi unapeleka maiti. Maji yakibaki kimo cha kiganja, hapo ndipo tulishika samaki. Ukianza na samaki maji yakiwa yamejaa utawafukuza nusu saa kati ya mawe, watachoka kabla ya safari. Mwisho changarawe. Tuliitia ndani ya sanduku ikiwa imelowa, na yale matope mazito ya chini tukayamwaga kwenye mchicha wa mzee. Mawe huyaoshi, lakini matope yaliyozama miaka 11 ukiyakoroga yanatoa sumu yote kwa mara moja.

Samaki tuliwatia katika sashe mbili mbili, moja ndani ya nyingine, kila mmoja na yake. Maji theluthi moja, hewa theluthi mbili. Pembe za chini tulizifunga na kamba ili samaki asibanwe kwenye kona. Vijana wawili walianza kujaza sashe kwa kupuliza na mdomo, tukawazuia: pumzi inayotoka kwa mtu imekwisha kupungua oksijeni na imejaa gesi chafu. Ufungue sashe, uitikise hewani, uifunge, imejaa. Ngolo wa mzee, mkubwa kama mkono, hakutiwa katika sashe. Ana mwiba kwenye kila pezi la kifua, angeitoboa. Yeye alipewa ndoo yenye kifuniko chenye mashimo, maji nusu, apate nafasi ya kupanda na kumeza hewa. Kifuniko kilifungwa na mpira, kwa sababu anaruka.

Vioo vitupu vilibebwa na watu wanne, mikono chini ya kioo cha chini. Hakuna kushika kingo za juu. Na hakuna kubeba na maji ndani, hata kidogo. Maji yanayochezacheza yanavunja silikoni, leo au baada ya wiki moja usiku umelala.

Toleka tulipata mbili. Siku hizi pikipiki zimewashinda, lakini kwa kazi hii kinga ni bora, haitetemeki na mwenyewe unaweza kumwambia pole pole akusikie. Sashe zilikuwa ndani ya sanduku la karatasi lililofungwa, maana samaki katika giza anatulia. Tukafika mtoni, tukapakia, tukaondoka.

Katikati ya mto motere ya mtumbwi ilizima.

Mwenye mtumbwi alivuta kamba, akavuta, akatoa buji, akaipuliza, akairudisha. Maji yalikuwa yanatushusha. Jua lilikwisha kutoka na lile sanduku lilikuwa wazi kwa jua. Tukalifunika na mashati yetu. Dakika kumi zikapita, halafu kumi na tano. Tulifungua kidogo kutazama: yule wa pua ndefu, mmoja tu mzee alikuwa naye, amepanda juu ya sashe na mdomo unafunguka haraka haraka. Tulimwangalia mtoto wa kalasi ya nane, naye alituangalia, na tulijua sote wawili tunafikiri nini. Akasema: "Yaya, shika hapa." Akafungua kamba ya sashe, akaipanua mdomo wake wote hewani, akachota maji ya ndani kwa kiganja na kuyaacha yaanguke tena, mara ishirini, thelathini, kama matone ya maporomoko. Halafu akaifunga. Samaki akashuka chini. Hatukusema neno. Motere ikawaka tukiwa mbali sana chini ya mahali pa kutokea, ikabidi kupanda tena kando ya ng'ambo.

Hapa kalasini kila kitu kilikuwa tayari, na hilo ndilo lilituokoa kwa zile dakika tulizopoteza. Changarawe ndani, mawe juu yake, bido nne za maji ya zamani polepole juu ya sahani ili yasichimbe, pompe ikawashwa na sponji yake ile ile. Sashe zikaelea juu ya maji dakika 20 mpaka joto likalingana. Halafu kila dakika tano kikombe kimoja cha maji ya akwariamu ndani ya sashe, mara nne. Samaki tukawatoa kwa wavu mdogo, maji ya sashe tukayamwaga nje. Maji mapya ya beseni tuliyaongeza kidogo kidogo mpaka jioni. Taa haikuwashwa, chakula hakikutolewa mpaka kesho yake jioni, tena kiasi cha ncha ya kijiko.

Matamvua yalihesabiwa tena. Saa sita hesabu ilikuwa imepanda karibu nusu zaidi ya ile ya Lubunga. Tulikaa. Saa kumi ilikuwa imeshuka kidogo. Usiku umeme ulikatika, na pompe ikanyamaza, tukafanya zamu wawili wawili mpaka asubuhi, kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, pia tukatumia pompe ya kinga na mrija mwembamba. Mwangalizi wa internati alikuja kutufukuza, akaona, akaleta kiti. Asubuhi hesabu ilikuwa sawa na ya Lubunga.

Leo ni wiki ya tano. Hajafa hata mmoja. Mawe yana utelezi wake, na yeyote atakayeonekana na sabuni karibu nayo ataandikwa.

Matangazo mawili kwa kalasi zote. Likizo ya Pasaka inataka watu wawili wa hapa mjini wa kuja kila siku mbili, kulisha kidogo na kuchota kwa kikombe kama umeme hakuna; majina yaletwe kwa yule wa kalasi ya nane, si kwetu, yeye ndiye anayepanga. La pili: tangu jumatatu tilapia mmoja mkubwa, jike, hataki kula na koo lake limevimba. Si ugonjwa. Ameweka mayai mdomoni, atakaa nayo hivyo mpaka watoto waweze kuogelea, na akitishwa sana anaweza kuyatema au kuyameza. Tunaomba msigonge kioo.